Kwa Miguu Hadi Suji

Wasikilizaji, huko Uingereza wako watu wanaotembea kutwa ili wauone mji wa Oxford na kuta za vyuo vyake vya kale. Sisi na wanafunzi wetu tuliondoka Makanya alfajiri, tukayaacha mashamba ya mkonge, tukapanda Suji. Njia ni ya mawe na jua la nyika ni kali. Lakini huko juu mna migomba, ubaridi, na ndiva, yaani mabwawa ya kunyweshea mashamba, yaliyochimbwa na babu zetu. Hiyo nayo ni elimu, ingawa haikuandikwa.

Elimu ya vitabu ilifuata. Mwaka 1903 wamisionari Waadventista, Ehlers na Enns, walifungua misheni Giti, wakaiita Friedenstal. Baadaye Suji nayo ikapata misheni na shule. Mwenzao, Ernst Kotz, alijifunza Chasu, lugha yetu Wapare, akaandika sarufi yake, ikapigwa chapa Berlin mwaka 1909.

Mwandishi anayetajwa ni Kotz peke yake. Je, alipokosea ngeli, nani walimsahihisha? Bila shaka ni wenyeji wa milima hii. Tulipokuwa tukiteremka tuliwaomba wanafunzi wataje methali moja ya Chasu. Wengi wakatujibu kwa Kiswahili.