Uhandisi wa Mazingira pale Ardhi: gharama zake na nani wanaingia

Mimi nimemaliza kidato cha sita, na hesabu za kozi hii tunazipiga nyumbani na mzee kila siku. Nazimwaga hapa, huenda zikamsaidia mwingine.

KOZI: Ni miaka minne, Chuo Kikuu Ardhi, Dar. Unasomea maji safi, majitaka, taka ngumu na uchafuzi wa hewa. Chuo kilisimama chenyewe mwaka 2007, kabla ya hapo kilikuwa UCLAS chini ya Mlimani.

GHARAMA: Wengi wanawaza ada tu. Ada Bodi ya Mikopo inaweza kuilipa yote au sehemu, inategemea hali ya kwenu. Mwongozo wa 2023/2024 uliweka bumu la chakula na malazi hadi sh. 10,000 kwa siku, vitabu 200,000 kwa mwaka, na mafunzo kwa vitendo 10,000 kwa siku hadi siku 56, yaani 560,000.

Kimbembe ni geto. Ukikosa hosteli unahamia Makongo au Changanyikeni, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Bumu linatoka kwa awamu! Huo mshiko wa mwanzo lazima utoke nyumbani.

Na mkopo si sadaka. Tangu 2016 makato ni 15% ya mshahara. Ukilipwa 800,000, 120,000 inaondoka kila mwezi. Afadhali ile tozo ya 6% ilifutwa 2021. Waliofaulu sana sayansi kidato cha sita wana Samia Scholarship, iliyoanza 2022/2023. Hiyo hairudishwi.

NANI WANAINGIA: Aliyesoma HGL hapa hana njia. Kwa hiyo mchujo unaanza sekondari, na aliyekuwa shule isiyo na mwalimu wa Fizikia ameshaachwa mbali hata kabla ya kuomba mkopo.

Dada zetu msiogope jina uhandisi. Marekani mwaka 2018 karibu nusu ya waliohitimu digrii ya kwanza ya fani hii walikuwa wanawake, wakati kwa uhandisi wote ni kama mmoja kati ya watano.

Habari ndiyo hiyo. Kama una mdogo wako kidato cha pili, mwambie asiikimbie Fizikia. Na wazazi, anzeni kudunduliza ya geto mapema. Nawasilisha.