Utazamaji wa mawingu

Utazamaji wa mawingu ni shughuli ya kuangalia mawingu ili kufurahia maumbo na rangi zake, kutambua aina zake na, mara nyingi, kuyapiga picha. Hauhitaji darubini wala safari: hufanyika uani, dirishani au ufukweni. Wengi hutazama mawingu kwa kujiburudisha tu, lakini burudani hiyo imechangia pia sayansi ya hali ya hewa.

Historia

Tangu kale mabaharia, wavuvi na wakulima walitazama mawingu ili kujua kama mvua au upepo unakuja. Lugha nyingi zina majina yake. Kwa Kiswahili *mavundevunde* ni mawingu yaliyotawanyika, na *ghubari* ni wingu zito la mvua. Hata hivyo, hapakuwa na majina yaliyotumika duniani kote.

Desemba 1802 Luke Howard (1772–1864), mtengenezaji wa dawa jijini London aliyependa kutazama anga, alitoa hotuba kuhusu aina za mawingu. Alitumia maneno ya Kilatini: *sirasi* (shungi la nywele), *kumulasi* (rundo), *stratasi* (tabaka) na *nimbasi* (wingu la mvua). Mwaka huohuo Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck alipendekeza majina ya Kifaransa, lakini yale ya Howard ndiyo yaliyoenea. Mshairi Mjerumani Goethe alitunga mashairi ya kumsifu Howard. Mchoraji Mwingereza John Constable alichora anga la Hampstead miaka ya 1821 na 1822, akiandika tarehe, saa na hali ya hewa nyuma ya michoro mingi.

Katika miaka ya 1880 mtaalamu Ralph Abercromby alizunguka dunia mara mbili na kuthibitisha kwamba mawingu ni ya aina zilezile kila mahali. Mwaka 1896 ilitolewa Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu, ambayo leo inasimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Kutambua aina

Mfumo wa sasa una jenasi 10 za mawingu. Katika ukanda wa tropiki, mawingu ya chini huanzia karibu na ardhi hadi kilomita 2, ya kati kilomita 2 hadi 8, na ya juu kilomita 6 hadi 18. Wingu la radi, yaani *kumulonimbasi*, huanzia chini na kupanda hadi juu kabisa.

Mawingu ya vipande vidogovidogo hutambuliwa kwa kunyoosha mkono kuelekea vipande vilivyo juu kiasi angani, si karibu na upeo wa macho. Kama kipande kimoja kinafunikwa na kidole kidogo, wingu ni la juu (*sirokumulasi*). Kama kinahitaji vidole hadi vitatu, ni la kati (*altokumulasi*). Kama ni kikubwa zaidi, ni la chini (*stratokumulasi*).

Milima mirefu kama Kilimanjaro na Mlima Kenya wakati mwingine huvaa wingu laini lenye umbo la sahani. Wingu hilo hutokea hewa yenye unyevu inapopandishwa na mlima na kupoa. Huonekana limetulia ingawa upepo unapita ndani yake, kwa sababu matone mapya hutokea upande mmoja huku mengine yakiyeyuka upande wa pili.

Upigaji picha

Bamba za picha za karne ya 19 ziliathiriwa mno na mwanga wa buluu, hivyo anga na wingu vyote vilitoka vyeupe. Vichujio vya rangi ya njano au nyekundu vilisaidia kutenganisha viwili hivyo. Kuanzia 1922 Mmarekani Alfred Stieglitz alipiga picha nyingi za mawingu huko Lake George, akionyesha kwamba picha ya wingu pekee inaweza kubeba hisia za mtu.

Leo simu ya mkononi inatosha. Kupunguza mwanga kidogo huzuia sehemu nyeupe zisipoteze umbo lake. Mti au paa pembeni huonyesha ukubwa wa wingu. Picha yenye tarehe, saa, mahali na upande wa dira huwa na faida pia kwa watafiti.

Wingu la asperitasi

Mwaka 2006 picha iliyopigwa mjini Cedar Rapids, Iowa, nchini Marekani, ilionyesha wingu lenye mawimbi makali, kama bahari iliyochafuka inayotazamwa kutoka chini. Ilipelekwa kwa Jumuiya ya Wapenda Mawingu, iliyoanzishwa nchini Uingereza na Gavin Pretor-Pinney. Picha nyingine zinazofanana zilipatikana kutoka sehemu mbalimbali za dunia, na Pretor-Pinney akapendekeza wingu hilo lipewe jina lake. Machi 2017 jina *asperitasi* liliingizwa katika toleo jipya la Atlasi.

Usalama

Jua halitazamwi moja kwa moja, hata kupitia kamera. Ngurumo ikisikika, mtazamaji anapaswa kuingia ndani ya jengo au gari lililofungwa, maana radi hupiga hata mahali ambapo mvua haijafika. Katika Ziwa Viktoria, ambako dhoruba nyingi hutokea usiku na alfajiri, kumulonimbasi ni hatari kubwa kwa wavuvi. Kuitambua mapema ni suala la uhai.