Tina Turner na Mashabiki Wake: Mapenzi ya Nusu Karne

Tina Turner ni miongoni mwa waimbaji wachache wa roki waliozidi kupendwa kadiri umri wao ulivyosonga. Santuri yake ya kwanza iliyovuma ilitoka mwaka 1960, akiwa na miaka 20. Kibao chake kikubwa kuliko vyote kilishika namba moja Marekani mwaka 1984, alipokuwa na miaka 44, na ziara yake ya mwisho aliimaliza mwaka 2009, akiwa na miaka 69. Enzi hizo roki ilihesabiwa kuwa muziki wa vijana, tena vijana wa kiume wa Kizungu. Mwanamke mweusi, mama wa watoto, aliyevuka miaka arobaini, hakuwemo katika hesabu za makampuni ya santuri. Waliomweka humo ni mashabiki, na mapenzi yao yalikolea Uingereza, bara la Ulaya na Australia kabla ya kurudi kwa nguvu nyumbani kwake Marekani.

Kutoka Nutbush hadi St. Louis

Jina lake la kuzaliwa ni Anna Mae Bullock. Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1939 huko Brownsville, jimbo la Tennessee, akakulia Nutbush, kijiji jirani kilichotegemea kilimo cha pamba. Huko alichuma pamba pamoja na jamaa zake na kuimba katika kwaya ya kanisa la Kibaptisti. Wazazi wake waliachana akiwa bado mdogo, akalelewa kwa bibi. Bibi alipofariki, binti huyo alimfuata mama yake St. Louis, mji uliokuwa na kumbi nyingi za muziki wa watu weusi kuliko alivyowahi kuona.

Mwaka 1957 alikuwa akienda na dada yake kwenye klabu iliyoitwa Manhattan, mjini East St. Louis, kuitazama bendi ya Kings of Rhythm iliyoongozwa na Ike Turner. Usiku mmoja, wakati wa mapumziko, mpiga ngoma alimsogezea dada mtu kipaza sauti ili aimbe. Dada alikataa. Anna Mae akakinyakua na kuimba wimbo wa B.B. King, na Ike, aliyekuwa akipiga kinanda, akashangaa kusikia sauti nzito namna ile ikitoka kwa binti mwembamba. Kuanzia hapo akawa mwimbaji wa bendi.

Mwaka 1960 mwimbaji aliyetarajiwa kurekodi wimbo wa "A Fool in Love" hakutokea studio, na Anna Mae akaimba mahali pake. Kabla santuri haijatoka, Ike alimpa jina la Tina Turner bila kumshauri. Wakaunda kundi lililozunguka Marekani mwaka mzima, likiwa na wapiga vyombo, waitikiaji na wanenguaji. Maonyesho mengi yalifanyika katika kumbi za watu weusi kusini mwa nchi, katika zama za ubaguzi wa rangi. Hadhira ya kumbi hizo ilimzoesha kufanya kazi kwa bidii, kwani mwimbaji aliyesimama tu bila kutoa jasho hakupigiwa makofi.

Uingereza yampokea

Mwaka 1966 Tina alirekodi "River Deep – Mountain High" chini ya mtayarishaji Phil Spector. Marekani wimbo huo uliishia nafasi ya 88, kwa kuwa redio za watu weusi ziliuona una mlio wa Kizungu mno, na zile za Wazungu zikauona ni wa watu weusi. Uingereza, ambako mgawanyo wa vituo vya redio haukuwa wa namna hiyo, ulipanda hadi nafasi ya 3. Mwaka huohuo kundi la Rolling Stones liliwaalika Tina na Ike kuzunguka nao Uingereza, na vijana waliokwenda kuwaona Stones wakarudi nyumbani wakimzungumzia mwanamke aliyewatangulia jukwaani.

Huo ndio mwanzo wa ushabiki wake katika roki. Mwaka 1969 Stones waliwachukua tena, safari hii kwa ziara ya Marekani, na mwaka 1971 wimbo wa "Proud Mary" ukafika nafasi ya 4 nchini humo. Mwaka 1973 ulitoka "Nutbush City Limits", ambao Tina aliutunga mwenyewe kuhusu kijiji chake. Marekani haukuvuka nafasi ya 22, lakini Uingereza ulishika nafasi ya 4. Mtindo ulikuwa umeshajitokeza: kila santuri yake ilipopokewa kwa ubaridi nyumbani, ng'ambo walikuwepo wa kuinunua.

Miaka ya kuanza upya

Nyuma ya pazia Tina alikuwa akipigwa kwa miaka mingi na Ike, aliyekuwa pia mumewe. Mwezi Julai 1976, walipokuwa Dallas kwa onyesho, alitoroka hotelini akiwa na senti 36 mfukoni, akavuka barabara kuu kwa miguu usiku na kuomba chumba katika hoteli ya upande wa pili. Talaka ilikamilika mwaka 1978. Katika mgawanyo wa mali alichoshikilia zaidi ni jina la Tina Turner, kwa hoja kwamba ndilo lililobeba kazi yake yote.

Miaka iliyofuata aliimba katika kumbi za hoteli na kutokea kwenye michezo ya televisheni ili alipe madeni, yakiwemo ya maonyesho yaliyovunjika alipomwacha Ike. Makampuni ya santuri ya Marekani yalimwona msanii wa zamani. Mwaustralia Roger Davies, aliyekuja kuwa meneja wake, alimtazama akiimba katika hoteli moja ya San Francisco, akaona mambo mawili: watu waliokuwa ukumbini walishindwa kukaa vitini, na mwimbaji mwenyewe alitaka kujaza viwanja vya mpira kama walivyofanya Rolling Stones. Davies alimvua magauni ya kung'aa ya Las Vegas, akampa bendi ndogo ya roki na kumpeleka mahali ambako bado alikuwa na mashabiki.

Mwaka 1982 wanamuziki wa Kiingereza Martyn Ware na Ian Craig Marsh walimshirikisha katika mradi wao. Mwezi Januari 1983 David Bowie aliwaambia wakuu wa kampuni yake ya santuri kwamba jioni hiyo alikuwa anakwenda klabu ya Ritz, New York, kumwona mwimbaji anayempenda. Wakamfuata, na Bowie akawa ameitumia heshima yake kumfungulia mlango msanii aliyekuwa amekaa bila mkataba. Mwishoni mwa mwaka huo wimbo wake wa "Let's Stay Together" ulifika nafasi ya 6 Uingereza, na kampuni ikataka albamu haraka. Ilirekodiwa kwa muda wa wiki chache tu, nyingi kati ya hizo jijini London. Albamu hiyo, "Private Dancer", ilitoka mwaka 1984 na kuuza zaidi ya nakala milioni 10. Wimbo wake wa "What's Love Got to Do with It" ulishika namba moja Marekani, na mwaka uliofuata Tina akapokea tuzo 3 za Grammy.

Walichokipenda

Sifa ya kwanza iliyowavuta watu ni sauti: nzito, yenye mkwaruzo, inayoweza kuanza kwa kunong'ona na kumalizia kwa kelele bila kupoteza tuni. Ya pili ni kazi ya mwili. Tina alicheza onyesho zima sambamba na wanenguaji walioweza kuwa binti zake, akiwa amevaa viatu vya mchuchumio, sketi fupi na wigi lililosimama kama manyoya ya simba. Mashabiki walimwiga mavazi hayo, na hadi leo wapo wasanii wanaojipatia riziki kwa kumwigiza yeye tu.

Kilele cha maonyesho yake ya viwanja vikubwa kilikuwa "Nutbush City Limits". Mkono mrefu wa chuma uliinuka kutoka jukwaani ukimbeba hadi juu ya vichwa vya watu, naye akitembea juu yake akiwa na mchuchumio uleule, akisimama kuelekea upande mmoja na kutaja neno la wimbo, umati wa upande huo ukalirudisha, kisha akageukia upande wa pili ili nao washindane na wenzao. Aliyelipia kiti cha nyuma kabisa naye alipata dakika zake za kuwa karibu na mwimbaji. Aliendelea kuutembea mkono huo hata katika ziara ya 2008 na 2009, alipokuwa anakaribia miaka 70. Tarehe 16 Januari 1988, katika uwanja wa Maracanã jijini Rio de Janeiro, watu wapatao 180,000 walikusanyika kumsikiliza, moja ya hadhira kubwa kuliko zote zilizowahi kumlipia kiingilio msanii mmoja.

Jambo la tatu, lililowafunga mashabiki kwake kuliko yote, ni maisha yake. Mwaka 1981 alilieleza gazeti la People jinsi alivyopigwa katika ndoa, na mwaka 1986 akatoa kitabu, "I, Tina". Wakati huo wanawake maarufu walikuwa hawazungumzii mambo hayo hadharani, na katika familia nyingi kipigo kilihesabiwa kuwa siri ya nyumba. Filamu ya mwaka 1993, ambamo Angela Bassett aliigiza nafasi yake, iliifikisha habari hiyo kwa watu ambao hawakuwahi kununua santuri yake hata moja. Kwa wanawake waliokuwa wamepita njia hiyo, kumtazama akicheza lilikuwa jambo zito kuliko burudani. Walimwona mtu aliyepigwa, akaondoka mikono mitupu, akaanza upya katika umri ambao wengine huambiwa wamechelewa, na akafanikiwa. Hapo ndipo umri wake ulipogeuka kuwa sababu ya kupendwa. Kila mwaka uliomkuta bado yuko jukwaani ulikuwa ushahidi mpya kwao.

Densi na michezo

Nchini Australia mapenzi hayo yaligeuka desturi. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wimbo wa "Nutbush City Limits" ulipata densi yake, iliyofundishwa shuleni na kuchezwa harusini. Wachezaji husimama kwa mistari wakiangalia upande mmoja. Mguu wa kulia hugusa chini pembeni mara mbili, kisha wa kushoto. Halafu miguu hugusa nyuma kwa zamu. Magoti huinuliwa kukatiza mbele ya mwili. Mwisho huja teke la kila mguu na kugeuka robo duara, na hatua zote huanza tena. Kwa kuwa kila mtu anazijua, wimbo ukipigwa ukumbini, babu na mjukuu hujikuta kwenye mstari mmoja. Mwezi Julai 2023, katika tamasha la jangwani karibu na Birdsville, zaidi ya watu 5,000 waliicheza kwa pamoja na kuweka rekodi, huku wakichangia huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege kuhudumia vijiji vya mbali.

Ligi ya ragbi ya New South Wales nayo ilimtumia Tina katika matangazo yake kuanzia mwaka 1989. Lengo lilikuwa kuwavuta wanawake na familia katika mchezo uliojulikana kuwa wa wanaume na pombe. Mwaka uliofuata wimbo wake wa "The Best" ukawa wimbo wa ligi, na mwaka 1993 Tina mwenyewe aliuimba Sydney siku ya fainali. Mashabiki wa ragbi wa nchi hiyo huuhesabu kuwa wao mpaka leo. Jijini Glasgow, Scotland, klabu ya soka ya Rangers imekuwa ikiupiga wimbo huohuo uwanjani Ibrox timu inapoingia, na mwaka 2010 mashabiki wake waliununua kwa wingi hadi ukarudi kwenye chati za Uingereza.

Uswisi na miaka ya mwisho

Katikati ya miaka ya 1990 Tina alihamia Küsnacht, kando ya Ziwa Zürich, pamoja na mwenzi wake Mjerumani, Erwin Bach. Alieleza mara nyingi kwamba Ulaya ndiko alikopendwa zaidi. Mwaka 2013 alipata uraia wa Uswisi na kufunga ndoa na Bach, ambaye mwaka 2017 alimpa figo moja baada ya za Tina kushindwa kufanya kazi. Jukwaa alikuwa amekwisha kuliaga tarehe 5 Mei 2009, jijini Sheffield, Uingereza.

Kustaafu hakukupunguza ushabiki. Mchezo wa kuigiza wenye nyimbo zake ulifunguliwa London mwezi Aprili 2018, Tina mwenyewe akiwepo, na kufika Broadway mwaka uliofuata. Jumba la heshima la Rock & Roll, lililomwingiza pamoja na Ike mwaka 1991, lilimwingiza tena mwaka 2021 kwa jina lake peke yake, jambo ambalo mashabiki walikuwa wamelidai kwa miaka mingi. Alipofariki tarehe 24 Mei 2023, akiwa na miaka 83, watu walipeleka maua na mishumaa kwenye lango la nyumba yake Küsnacht, mbele ya ukumbi wa mchezo wake London na kwenye nyota yake katika barabara ya Hollywood.

Nyumbani Tennessee, sehemu ya barabara kuu inayopita kati ya Brownsville na Nutbush ilipewa jina lake mwaka 2002. Shule ya chumba kimoja aliyosoma utotoni, Flagg Grove, iliyojengwa kwa ajili ya watoto weusi, ilihamishiwa Brownsville na kufunguliwa mwaka 2014 kuwa makumbusho. Ndani yake kuna magauni yake ya jukwaani, santuri za dhahabu na madawati ya shule. Wageni hufika hapo kutoka Ulaya na Australia pamoja na Wamarekani wenyewe, na hivyo eneo ambalo binti huyo aliliacha limekuwa mahali pa kukutania watu wa mataifa yote yaliyompenda.