Simu ikikuomba usasishe: jinsi ya kukataa programu ambazo hukuziomba

Umenunua bando asubuhi ili ufuatilie masomo yako ya mtandaoni au umtumie ndugu yako ujumbe wa sauti. Kufika saa sita mchana, bando limekwisha. Unafungua simu na kukuta mchezo ambao hukuupakua, kivinjari kingine na programu inayodai "kusafisha" simu. Unachokumbuka ni kwamba jana simu ilikuomba usasishe, nawe ukabonyeza "Kubali".

Kama jambo hili limewahi kukupata, si kwamba hujui kutumia simu. Ni mbinu ya kibiashara ambayo kampuni kubwa duniani zimeitumia kwa miaka mingi. Makala haya yanaeleza jinsi inavyofanya kazi, na hatua ambazo wewe unayeishi Dzaleka, katika vijiji jirani vya Dowa au mjini Lilongwe unaweza kuchukua ili kulinda bando, pesa na taarifa zako.

Sasisho ni nini, na kwa nini wengine huongeza vitu humo?

Sasisho, au "apudeti" kama wengi wetu tunavyosema, ni toleo jipya la programu ambayo tayari unayo. Kazi yake halali ni kurekebisha makosa na kuziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni huitumia kuingia.

Tatizo huanza pale kampuni inapoweka programu nyingine ndani ya kifurushi hicho hicho. Mara nyingi sababu ni pesa: mwenye programu ya ziada humlipa mwenye sasisho kwa kila kifaa inapoingia. Kwa kuwa watu wengi hubonyeza "Endelea" bila kusoma, kisanduku cha kukubali huwa kimeshatiwa alama ya tiki. Usipoiondoa tiki hiyo, umehesabiwa kuwa umekubali.

Mifano iliyotokea kweli

- *Apple, 2008.* Mwezi Machi mwaka huo, watumiaji wa kompyuta za Windows waliokuwa na iTunes au QuickTime waliletewa kivinjari cha Safari kupitia dirisha la masasisho, tiki ikiwa tayari imewekwa. Wengi hawakuwahi kuwa na Safari. Mkuu wa Mozilla wakati huo, John Lilly, alilalamika hadharani kwamba mtindo huo unaharibu imani ya watu kwa masasisho. Baadaye Apple ilitenganisha orodha ya masasisho na orodha ya programu mpya.
- *Java.* Kwa miaka kadhaa, masasisho ya Java kutoka Oracle yalikuja na upau wa Ask, ambao ulibadilisha ukurasa wa kutafutia wa kivinjari. Java ilihitaji kusasishwa mara kwa mara kwa ajili ya usalama, kwa hiyo mtu alilazimika kuondoa tiki hiyo kila mara.
- *Simu za Tecno W2, 2020.* Mfano huu uko karibu zaidi nasi. Mwezi Agosti 2020, kampuni ya usalama ya Upstream na chombo cha habari cha BuzzFeed News walieleza kuwa baadhi ya simu hizo za bei nafuu zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper tangu zilipotoka kiwandani. Programu hizo zilitumia data na kujaribu kuwaandikisha wenye simu katika huduma za kulipia bila wao kujua. Simu zilizoathirika ziligunduliwa katika nchi kama Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Transsion, kampuni inayotengeneza Tecno, ilisema kosa lilitokana na mmoja wa wahusika katika mnyororo wa ugavi, kwamba haikufaidika nalo, na kwamba ilikwisha kutoa marekebisho.

Mfano huo wa mwisho haumaanishi kwamba kila simu ya bei nafuu ni mbaya. Unatuonyesha kwamba gharama ya programu usiyoiomba humwangukia zaidi mtu anayenunua data kidogo kidogo.

Je, niache kabisa kusasisha?

Hapana. Hili ndilo kosa ambalo watu wengi hufanya baada ya kuchoshwa. Mwezi Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili katika kompyuta za nchi nyingi duniani, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai malipo. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba mwanya huo tangu mwezi Machi. Wengi walioathirika walikuwa hawajalisakinisha.

Kwa hiyo kubali sasisho, lakini kataa mzigo unaokuja nalo.

Hatua za kuchukua kwenye simu ya Android

1. Sasisha programu kupitia Play Store au sehemu ya "Mipangilio" ya simu pekee. Tangazo linalojitokeza kwenye tovuti na kusema "Simu yako ina virusi, sasisha sasa" ni mtego. Lifunge.
2. Kwenye Play Store, bonyeza picha ya wasifu wako, kisha ingia kwenye mipangilio na uchague programu zisasishwe kupitia Wi-Fi tu. Hapo bando lako halitaliwa usiku.
3. Baada ya sasisho kubwa la mfumo, baadhi ya simu huonyesha orodha ya programu "zinazopendekezwa" zikiwa na tiki. Ondoa tiki zote, kisha endelea.
4. Programu usiyoitaka, iondoe. Ikiwa simu hairuhusu kuiondoa, izime kwenye "Mipangilio", sehemu ya "Programu".
5. Usipokee WhatsApp ya "rangi nyingine" au toleo lililoboreshwa kutoka kwa rafiki. Matoleo hayo hayatoki kwa WhatsApp, na anayeyatengeneza anaweza kuongeza humo chochote anachotaka.

Kwenye kompyuta

Unaposakinisha programu kwenye kompyuta ya darasani au ya stesheni, chagua kitufe kilichoandikwa "Custom" au "Advanced" badala ya kile cha haraka. Hapo ndipo visanduku vilivyofichwa huonekana. Pakua programu kutoka kwenye tovuti ya mwenye programu, si kwenye tovuti zinazokusanya programu za kila aina. Kama kompyuta si yako, mwambie msimamizi kwanza.

Unaponunua simu iliyotumika

Simu nyingi tunazotumia hununuliwa zikiwa zimetumika, kwenye masoko ya Lilongwe au kwa jirani hapa Dzaleka. Kabla ya kuingiza namba yako ya siri ya Airtel Money au Mpamba, irudishe simu katika hali ya kiwandani, kisha tazama orodha ya programu zilizobaki. Ikiwa programu ya ajabu inarudi yenyewe kila unapoifuta, usiitumie simu hiyo kwa pesa. Mpelekee fundi unayemwamini, na usimpe namba yako ya siri.

Salio likipotea bila sababu

Fika kwenye duka la Airtel au TNM na uombe waangalie kama laini yako imeandikishwa kwenye huduma za kulipia. Waombe waziondoe. Usiporidhika na majibu, unaweza kupeleka malalamiko MACRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini Malawi. Malawi pia ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2024, inayohusu jinsi taarifa zako zinavyokusanywa na kutumiwa.

Kumbuka

Watoto na wazee wengi hutumia simu moja na familia nzima. Waeleze nyumbani kwamba neno "Kubali" lina gharama. Kabla ya kulibonyeza, jiulize mambo matatu: Nani anaomba? Anaomba nini? Je, nilikihitaji kitu hiki kabla hajaniuliza? Usipokuwa na jibu, bonyeza "Baadaye" na umuulize mtu anayejua.