Wino wa Mwana Kupona: dada, utungo wako usifie kabatini



Sisi tuliovuka bahari tukaolewa huku Boko, njia ya Bagamoyo, harusi zetu tunazijua. Siku ya kumuaga bi harusi hakosi mama au shangazi aliyemtungia beti. Zinasomwa, watu wanalia, karatasi inakunjwa, basi. Mwaka ukipita hakuna anayekumbuka hata ubeti mmoja. Leo tuwatazame waliotutangulia: maneno yao yalisalimika vipi?

Tuanze na Mwana Kupona binti Mshamu wa Siu, kisiwani Pate. Mwaka 1275 Hijria, yaani 1858, alikuwa mjane na mgonjwa. Akamwita bintiye, Mwana Hashima, akamwambia akae karibu, achukue wino na karatasi. Akampa wasia wa dini, adabu na maisha ya ndoa, beti 102. Baada ya miaka kama miwili akafariki, Mola amrehemu.

Ulikuwa utungo wa chumbani, wa mama na mwanawe. Lakini mwenyewe alitaka wanawake wengine nao wausome. Ukanakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, ukapita nyumba hadi nyumba. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakauchapisha kitabu Uingereza. Umetufikia kwa sababu ulitoka nje ya mlango.

Sasa tuje mjini kwetu. Januari 1923 lilianza kutoka hapa Dar es Salaam gazeti la Mambo Leo, la kila mwezi, la serikali ya kikoloni. Lilikuwa na nafasi ya mashairi ya wasomaji. Mtu wa Tanga au Tabora alitunga, akatia barua posta, akasubiri. Wengine walijificha nyuma ya lakabu, wengine walijibizana kwa beti mwezi hadi mwezi. Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa waliotuma.

Majina yanayokumbukwa zaidi kutoka kurasa zile ni ya wanaume. Si kwamba wanawake hawakujua kutunga. Mwana Kupona alilitangulia gazeti lile kwa miaka 65. Bibi zetu walitunga ngomani, jikoni na kwenye shughuli za harusi. Ila gazeti humhifadhi aliyetuma tu.

Alhamdulillah, siku hizi mlango uko wazi zaidi. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilianzishwa 2014, na ile ya 2018 upande wa riwaya aliichukua Mzanzibari mwenzetu, Zainab Alwi Baharoon, kwa Mungu Hakopeshwi. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo inasimamia Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Hizo mara nyingi zinataka kazi ndefu. Mwenye shairi moja au hadithi fupi aanze na magazeti na majarida yanayopokea kazi za wasomaji.

Kabla ya kutuma, soma masharti yao: urefu, tarehe ya mwisho, na kama wanakubali kazi iliyokwisha tumwa kwingine. Mpe mwenzako aisome kwa sauti, mizani ikipungua atasikia. Baki na nakala yako. Ukikataliwa, rekebisha, tuma kwingine. Kukataliwa si aibu.

Wengine tunaona haya: jina la mke wa mtu gazetini? Jina la Mwana Kupona linatajwa mwaka wa mia na sitini na zaidi sasa, na heshima yake haijapungua hata chembe. Tia nia njema, andika la kheri, na uweke jina lako na la baba yako chini yake. Mola wetu ameapa kwa kalamu katika Suratul-Qalam. Si kitu kidogo hicho ulichokishika.

Bi harusi, usiku wa kuagwa mama akikusomea beti zake, usimwachie aikunje ile karatasi. Iombe, inakili, kisha muulize: mama, tuitume?

Wabillahi tawfiq.