Kinini kimoja, damu tofauti: kwa nini dawa ya jirani inaweza kukuumiza

Watu wawili wa nyumba moja wanaweza kumeza kinini cha namna moja, dozi moja, siku moja. Mmoja anapona. Mwingine anaanza kukojoa mkojo mweusi kama kahawa, macho yanakuwa manjano, nguvu zinakwisha. Mtaani maelezo huwa mawili: dawa ilikuwa ya uongo, ao mgonjwa amerogwa. Dawa za uongo zipo, hakuna wa kukataa. Lakini kuna sababu ingine isiyosemwa sana hapa Kalemie: damu ambayo mtu amerithi kwa wazazi wake.

Dawa ikiingia mwilini, mwili unaifanyia kazi: unaivunja, unaitumia, halafu unaitoa. Kazi hiyo inafanywa na vitu vidogo sana vinavyoitwa enzimi, na kila enzimi inatengenezwa kufuatana na jeni, yaani maagizo tunayoyapata kwa baba na mama. Kama vile watoto wa tumbo moja hawafanani sura, enzimi zao pia hazifanani nguvu.

Mfano unaotuhusu zaidi ni enzimi iitwayo G6PD. Inalinda chembe nyekundu za damu. Watu ambao G6PD yao ni dhaifu wanaishi vizuri, wanalima, wanavua, wanazaa, bila kujua kitu. Shida inakuja siku wanapomeza dawa fulani: chembe nyekundu zinapasuka nyingi kwa wakati mmoja na damu inapungua haraka. Udhaifu huo ni wa kawaida katika nchi zenye malaria nyingi kama yetu, kwa sababu unasaidia kidogo kumkinga mtu na malaria kali. Unapatikana zaidi kwa wanaume, na mtoto mwanaume anaupata kwa mama yake, hata kama mama mwenyewe hajawahi kuugua. Baba wanaolaumu ukoo wa bibi wasifurahi haraka: huyo mama anaweza kuwa aliupata kwa baba yake.

Jambo hili lilieleweka Marekani. Wafungwa wa gereza la Stateville, katika jimbo la Illinois, walipewa primakini, dawa ya malaria, ili ijaribiwe kwao. Baadhi ya wafungwa weusi waliishiwa damu, na mwaka 1956 watafiti wakatangaza kwamba kilichopungua kwao ni G6PD. Afrika nayo ililipa somo lake. Mwaka 2003 dawa ya malaria iitwayo Lapdap ilianza kutolewa, ikiwa na dapsoni ndani. Majaribio yaliyofuata katika nchi za Afrika yalionyesha kwamba wagonjwa wenye G6PD dhaifu walikuwa wanapungukiwa damu vibaya, na mwaka 2008 kampuni ya GlaxoSmithKline ikaiondoa.

Dapsoni yenyewe haikuondoka. Ni moja kati ya dawa tatu za ukoma, pamoja na rifampisini na klofazimini, na ukoma bado uko katika Tanganyika. Dawa hizo zinatolewa bure na zinaponya. Asiyezimeza anaweza kupoteza vidole ao macho. Wagonjwa wengi wanazivumilia, lakini wachache damu inawapungua sana.

Hapa kuna jambo linalochanganya watu. Rifampisini inafanya mkojo kuwa mwekundu ao wa rangi ya machungwa, na hiyo si hatari. Watumiaji wa dawa za kifua kikuu wanaijua. Mkojo wa hatari ni ule mweusi kama kahawa ao Coca, hasa ukija pamoja na macho ya manjano, kuchoka sana ao kuhema haraka. Huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, pamoja na pakiti ya dawa aliyomeza. Malaria kali nayo inaweza kuleta mkojo kama huo, ndiyo maana ni muganga wa kutafuta chanzo, si jirani.

Kwa VVU historia ni ya namna ingine. Miaka mingi wagonjwa walipewa efavirenzi, dozi ya miligramu 600. Wengine walilala vizuri. Wengine waliota ndoto za kutisha, wakasikia kizunguzungu, wakafikiri wamefanywa wazimu. Chanzo kimoja ni jeni iitwayo CYP2B6: kwa watu fulani, na hao ni wengi Afrika kuliko Ulaya, mwili unavunja efavirenzi polepole, basi inajaa katika damu kama maji katika mfereji ulioziba. Waliacha dawa kwa woga, na virusi vikapata nafasi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegraviri iwe dawa ya kwanza.

Kwa kifua kikuu pia, kuna ambao mwili wao unavunja izoniazidi polepole, na miguu inaweza kuwafa ganzi. Vitamini B6 inazuia hilo. Ukiongezewa kinini hicho, usikitupe.

Egzame ya G6PD ipo, lakini vituo vingi vya afya havina vifaa vyake. Kwa hiyo maneno ya mgonjwa mwenyewe ndiyo yanabaki kuwa egzame ya kwanza. Kabla ya kupokea dawa, inafaa kumwambia muganga: dawa gani ilishawahi kumsumbua, kama katika familia kuna mtu aliyekojoa mkojo mweusi baada ya dawa, kama mtoto ni SS. Jina la dawa iliyomletea mtu tabu liandikwe kwenye karatasi yake ya matibabu, ili na muganga mwingine alione, Kalemie ao Nyemba. Na vinini vilivyobaki vya jirani aliyepona visipewe mtoto wa mlango wa pili. Mwenye dawa ya ukoma, ya kifua kikuu ao ya VVU inayomsumbua arudi kule alikoipata kabla hajaiacha, kwa sababu mara nyingi dozi ao dawa yenyewe inaweza kubadilishwa.