Maziwa na Chakula Kigumu: Habari za Alama ya Umri katika Sinema

Mwaka huu wanafunzi wa sekondari ninaowafundisha hapa Iringa walitengeneza filamu fupi kwa simu ya mkononi. Habari yake ni ya baba mmoja aliyezama katika ulanzi hata akauza mahindi ya ghalani, na usiku mmoja akampiga mkewe mbele ya watoto. Mwisho wake ni toba. Wanafunzi walitaka kuionyesha katika jumba la kanisa, na watu wote waalikwe. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza, “Mwalimu, na hawa wadogo wa shule ya Jumapili nao waingie?” Sikuwa na jibu tayari. Nikaona ni vema kwanza kutazama jinsi waliotutangulia walivyolijibu swali hilo.

Huko Uingereza, wenye kazi ya sinema waliunda bodi ya kukagua filamu mwaka 1912. Mwaka uliofuata bodi ile ilianza kutia alama mbili: U, maana yake filamu hii yawafaa watu wote, na A, maana yake yawafaa zaidi watu wazima. Mwaka 1932 iliongezwa alama ya H kwa picha za kutisha, na mwaka 1951 alama ya X, ambayo mtoto asiyetimiza miaka 16 hakuruhusiwa kuiona. Basi kipimo chao kilikuwa umri wa mtazamaji.

Lakini kipimo hicho kilipoletwa katika nchi zilizotawaliwa, kilipotoshwa. Tuitazame nchi iliyo jirani na Mbeya, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, ambayo zamani iliitwa Rhodesia ya Kaskazini na leo ni Zambia. Vijana wengi wa Rungwe walikwenda huko kutafuta kazi katika migodi ya shaba. Katika makambi ya wafanyakazi sinema zilionyeshwa jioni, uwanjani. Kila filamu iliyokwisha kupata ruhusa ya kuonyeshwa Wazungu ilikaguliwa mara ya pili na kamati mjini Lusaka kwa ajili ya Waafrika. Mambo ya bunduki, ya wizi, ya mapigano na ya mapenzi yakakatwa, kwa hofu kwamba Mwafrika akiyaona atayaiga, au atapunguza heshima yake kwa Wazungu. Yaani mtu mzima, mwenye mke na watoto, aliyeshuka shimoni kila siku kuchimba shaba, alihesabiwa kuwa kama mtoto kwa sababu ya rangi yake.

Tena iko hasara ya pili, ambayo watu hawaikumbuki sana. Watoto wenyewe hawakulindwa. Walikusanyika uwanjani pamoja na wakubwa wao, wakatazama filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, na kesho yake wakakimbizana vichochoroni na bastola walizochonga kwa mti. Kipimo kilichotazama ngozi hakikuweza kuuona umri.

Watu wa misioni nao walikuwa na sehemu katika habari hizi. Baraza la Kimataifa la Misioni, baada ya kuchunguza maisha ya watu wa migodini, lilisaidia kuanzisha kazi ya kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa fedha zilizotoka shirika la Carnegie la New York. Tangu mwaka 1935 hata 1937 zilitengenezwa filamu 35, nazo zilieleza habari za minyoo ya safura, malaria ya watoto wachanga, kodi, na akiba ya Posta. Kazi ile haikudumu, lakini ilionyesha njia nyingine: badala ya kukata filamu za wengine tu, watu watengeneze zinazowafaa.

Baada ya uhuru, Tanzania ilitunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, ambayo inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Jirani zetu wa Kenya hupanga filamu kwa madaraja: ya watu wote, ya watoto wakiongozwa na mzazi, ya miaka 16, na ya miaka 18. Hapo umri umerudi mahali pake, na rangi imeondoka.

Basi nikawaambia wanafunzi wachague wenyewe alama ya filamu yao, na kila mmoja atoe sababu. Wengi walisema, “Watoto waingie pamoja na wazazi.” Ndipo msichana mmoja akauliza, “Na ikiwa mzazi aliyeketi kando ya mtoto ndiye mpigaji?” Tukanyamaza. Kijana mwingine akasema kwamba wadogo hao wameyaona mambo haya nyumbani, basi kwa nini wafichwe? Yule msichana akamjibu kwamba kuliona jambo ni kitu kimoja, na kupata mtu wa kukueleza kwamba si kosa lako ni kitu kingine.

Neno hilo likatuamulia. Filamu ile tuliitia alama ya miaka 13, na sababu yake ikaandikwa mwanzoni: ina kipigo cha nyumbani. Alama yetu haikuwa badala ya ukaguzi wa sheria, kwa hiyo tulikwenda kwanza kwa afisa utamaduni wa wilaya. Kwa wale wadogo, wanafunzi walitunga mchezo mfupi usio na kipigo, na baada ya mchezo mwalimu wao wa Jumapili akaketi nao kuzungumza.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya maziwa na chakula kigumu. Ampaye mtoto maziwa hamdharau; ajua kwamba meno yatakuja. Lakini ampaye mtu mzima maziwa kwa sababu ya rangi yake amemtukana. Walimu wenzangu, wanafunzi wenu wakitengeneza filamu, msiulize kwanza kama wazee wataona haya. Ulizeni mtoto atakayeketi mbele ana umri gani, ataona nini, na nani atakuwa karibu naye taa zikiwashwa.